Hodi Hewani: Mwongozo Kamili wa Adabu za Ripita kwa Mwenye Leseni Mpya

Siku ya kwanza nilipobonyeza kitufe cha redio yangu ya ridhaa, ile ya kuzungumza na wenye leseni wenzako bila biashara, nilikuwa nimekaa ndani ya gari, kwenye maegesho ya duka, hapa Ohio. Leseni ilikuwa na siku tatu. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa daraja la Technician, wenye maswali 35 na unaotaka upate angalau 26, nikalipa ada ya serikali dola 35, na alama yangu ya wito, yaani herufi na tarakimu zinazonitambulisha hewani, ikatokea kwenye orodha ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Nikaweka masafa, nikabonyeza, nikaachia bila kusema neno. Ripita, mashine ya kupokea na kurusha sauti iliyo kule juu mnarani, ikanijibu kwa mvumo mfupi na mlio mmoja, tii. Nikafurahi, nikabonyeza tena. Mara ya tatu ikaja sauti ya mzee, taratibu kabisa: "Kituo kinachojaribu, karibu. Tupe alama yako ya wito." Nikazima redio, na sikurudi hewani kwa wiki mbili.

Mzee yule alinikaribisha, hakunikaripia. Kilichoniondoa ni kwamba sheria nilikuwa nimezikariri zote, lakini adabu sikuwa nayo. Kwetu Tanga hakuna mtoto anayesomeshwa darasani kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi. Analiona jambo hilo kila siku mlangoni kwao. Sisi tunaoingia kwenye redio za ridhaa ukubwani, wengi wetu tukiwa peke yetu katika mji wa ugenini, tunakosa mlango wa kuangalia. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: ana leseni mkononi, ana redio mezani, na bado anaogopa kubonyeza.

Hatua ya 1: Ijue nyumba unayoiingia

Ripita ni redio iliyowekwa mahali pa juu, iwe mnarani, kilimani au kwenye paa la jengo refu. Inasikiliza kwenye masafa fulani, na papo hapo inarusha kile inachokisikia kwenye masafa mengine. Redio ya mkononi ya wati 5 ikizungumza na mwenzake moja kwa moja mjini hufika kilomita chache tu kabla ya majengo na vilima kuikata. Ikipitia ripita nzuri inafika makumi ya kilomita.

Kwenye kundi la masafa liitwalo bendi ya mita 2, hapa Marekani jozi inayojulikana sana ni megahezi 146.34 ya kuingilia na 146.94 ya kutokea, yaani tofauti ya kilohezi 600. Wewe unasikiliza 146.94; ukibonyeza, redio yako inashuka yenyewe hadi 146.34. Afrika Mashariki na Ulaya zimo katika Kanda ya 1 ya mgawanyo wa kimataifa wa masafa, ambako bendi hiyo inaanzia megahezi 144 na kuishia 146 badala ya 148, kwa hiyo orodha ya masafa ya Marekani usiinakili na kwenda nayo nyumbani. Jambo la tatu la kuweka, baada ya masafa na tofauti yake, ni toni: mlio wa chini sana, kama hezi 88.5 au 100.0, unaokwenda pamoja na sauti yako. Ripita nyingi hazifunguki mpaka ziusikie. Toni haikuwekwa ili kukufungia nje. Imewekwa ili makelele ya vifaa vingine yasiifungue mashine ovyo.

Halafu elewa umiliki, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo. Kanuni za Marekani, sehemu ya 97, zinasema masafa hayagawiwi kituo kimoja yawe yake peke yake. Kanuni hizohizo zinamruhusu mwenye ripita kuamua nani aitumie na nani asiitumie. Masafa si ya mtu, lakini mashine ina mwenyewe. Kuna mtu au klabu inayolipia umeme, nafasi ya mnarani, antena, waya, na yale makopo makubwa ya kuchuja mawimbi yanayoiwezesha mashine kusikia na kusema kwa wakati mmoja bila kujiziba masikio. Anayekumbuka nusu ya kwanza tu huingia kama anadai haki yake. Anayekumbuka ya pili tu hukaa nje akidhani hatakiwi. Ripita nyingi ziko wazi kwa kila mwenye leseni, na waliozijenga wanatamani zitumike.

Hatua ya 2: Sikiliza wiki nzima

Washa redio asubuhi watu wakienda kazini, jioni wakirudi, na usiku mara mojamoja, bila kubonyeza chochote. Angalia wanavyoitana, wanasema kwa muda gani kabla ya kuachia, wanaachana vipi. Jua siku na saa ya mkutano wao wa hewani, ule wanaouita neti. Kila ripita ina mwendo wake: ipo ya wazee wanaokunywa kahawa ya alfajiri pamoja, ipo ya madereva, ipo iliyo kimya siku nzima ikisubiri dharura.

Jambo moja lilinishangaza na huenda likakushangaza wewe pia. Hewani watu huitana kwa jina la kwanza, kijana wa miaka 16 na mzee wa miaka 80. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo nilisita sana kumwita mtu wa rika la babu yangu jina lake tupu. Nilikuja kuelewa kwamba heshima yao wameiweka kwingine, kwenye zamu. Unamheshimu mtu kwa kutomkata kauli, kwa kuitaja alama yake sawasawa, na kwa kumwachia nafasi.

Hatua ya 3: Piga hodi

Ukitaka kujaribu redio, sema hivyo. Bonyeza, taja alama yako ya wito, kisha sema unajaribu. Kubonyeza na kuachia kimya, kama nilivyofanya mimi, kunamwamsha kila aliyeiacha redio yake wazi, na hapa Marekani ni kosa kisheria kurusha bila kujitambulisha.

Ukitaka kuzungumza, hodi ya ripita ni fupi kuliko unavyodhani: alama yako ya wito na neno moja la kuonyesha kwamba unasikiliza. Kwa Kiingereza cha huku wanasema "listening" au "monitoring". Basi. Ule wito mrefu wa kurudiarudia CQ, yaani kumwita yeyote anayesikia, ni wa mawasiliano ya mbali, ambako msikilizaji anazungusha kitufe akitafuta sauti dhaifu kwenye kelele. Ripita inasikika safi. Waliopo wamekusikia mara ya kwanza.

Asipojibu mtu, usidhani umechukiwa. Yupo aliye kwenye ngazi anafunga taa, mwingine anaendesha, mwingine redio yake iko chumba cha pili. Ngoja dakika kadhaa, jaribu tena, kisha kesho tena. Ukimwita mtu maalumu, taja alama yake kwanza, yako baadaye. Ukimtanguliza yeye, masikio yake yanafunguka, na yako anaipata ikiwa nzima. Na itaje yote, si herufi tatu za mwisho. Ikiwa matamshi yako yanawapa shida wenyeji, tumia alfabeti ya kimataifa: Alfa, Bravo, Charlie, Delta. Wako wengi wenye aibu ya lafudhi. Alfabeti hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa lafudhi zote, basi itumie bila kusita.

Hatua ya 4: Bonyeza, subiri, sema, achia, subiri

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lote, na hapa nitakaa.

Ukibonyeza kitufe, mashine mnarani inahitaji muda mdogo kuutambua mlio wako wa toni na kuwasha mtambo wake wa kurushia. Ukisema papo hapo, silabi zako za kwanza zinapotea, na silabi hizo ndizo alama yako ya wito. Bonyeza, vuta pumzi moja, ndipo useme. Shika redio vidole vitatu kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili pumzi isivume kwenye maikrofoni. Sema kwa sauti yako ya kawaida. Ukipiga kelele sauti inakwaruza, na hufiki mbali zaidi hata kidogo.

Sasa upande wa kuachia. Ripita hubeba mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wawili wakibonyeza pamoja, mwenye mawimbi yenye nguvu humfunika mwenzake. Wakilingana, inatoka miluzi na mikwaruzo isiyoeleweka, na wao wenyewe hawajui, kwa sababu aliyebonyeza hasikii. Tena mashine ina saa ndani yake. Nyingi zimewekewa dakika tatu. Ukizidisha, inakukata katikati ya sentensi, na wewe unaendelea kuongea peke yako. Ule mlio mdogo unaosikika ukiachia kitufe unamwambia mwenzako kwamba zamu imefika, na katika ripita nyingi ndio unaoashiria kwamba saa imeanza upya. Akirukia kabla ya mlio, dakika zake zinaunganishwa na zako na nyote mnakatwa.

Ukishausikia mlio, bado usibonyeze. Hesabu mbili kimoyomoyo. Mwanya huo mdogo ndio mlango wa nyumba nzima.

Nilijua thamani yake usiku mmoja wa baridi kali. Wazee wawili walikuwa wakizungumzia antena, mada ambayo wangeweza kuikesha. Kila mmoja alipoachia, mwenzake alingoja mlio, akangoja kidogo tena. Nilikuwa jikoni nakanda chapati huku nasikiliza. Katika mwanya mmojawapo ikaingia sauti ya mwanamke, hafifu, imekatikakatika: nusu ya alama ya wito na neno "gari". Mzee aliyekuwa na zamu hakuendelea na habari ya antena. Alisema, "Nimesikia kituo dhaifu. Wote kimya. Wewe uliyeita, rudia." Akarudia. Gari lilikuwa limeteleza kwenye theluji na kuingia mtaroni, simu haishiki mtandao, na redio yake ya mkononi ilikuwa na betri ya kuungaunga. Walichukua mahali alipo, mmoja akapiga simu ya dharura, mwingine akabaki naye hewani mpaka msaada ulipofika. Donge likanikaukia mkononi. Sauti ile isingeweza kuwafunika wazee wale wenye antena za juu ya paa. Kama wangekuwa wanarukiana maneno, tusingejua kwamba kuna mtu.

Sisi Waswahili tuna kazi ya ziada hapa. Salamu zetu ni ndefu, na maneno tunapokezana bila mapengo: habari za nyumbani, nzuri, watoto, hawajambo, za kazi, tunashukuru. Uso kwa uso ni upendo. Kwenye ripita inabidi uzigawe vipande. Uliza mawili, achia, ngoja. Usipange kusema zaidi ya nusu dakika kwa zamu, na ukiwa na hadithi ndefu, ikate mahali penye hamu na uwaachie mwanya.

Hatua ya 5: Kuingia kwenye mazungumzo ya wengine

Ngoja mwanya, taja alama yako ya wito, achia. Huhitaji neno jingine. Mwenye adabu atakuambia, "Kituo kilichoita, karibu," kisha utasema lililokuleta. Neno "break" lina uzito tofauti kila mahali: kwingine ni ombi la kawaida la kuingia, kwingine wakilisikia wanajua kuna hatari. Ndiyo maana nilikuambia usikilize wiki nzima. La dharura litamkwe wazi: sema ni dharura. Hapo kila mtu ananyamaza, na aliye hatarini ana haki ya kwanza kuliko neti, kuliko klabu, kuliko mwenye mashine.

Usiingie kusahihisha jambo dogo, wala kuonyesha kwamba wewe unajua zaidi. Ingia ukiwa na kitu cha kuongeza.

Hatua ya 6: Jitambulishe, hata ukizungumza Kiswahili

Kanuni ya Marekani inataka utaje alama yako kila baada ya dakika zisizozidi 10 mnapozungumza, na tena mwishoni. Kuitaja kila unapobonyeza si lazima, na kunachosha masikio. Kwingineko fuata masharti ya leseni yako. Kenya masharti hayo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko.

Lugha ni jambo ninaloulizwa kila mara. Je, Mswahili anaruhusiwa kuongea Kiswahili kwenye ripita ya Marekani? Ndiyo. Kinachotakiwa kuwa kwa Kiingereza ni utambulisho wako wa sauti. Mazungumzo yawe kwa lugha yoyote, mradi si fumbo la kuficha maana. Na Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, si fumbo. Asikutishe mtu.

Lakini haki hiyo iendeshe kwa ukarimu. Mimi na ndugu mmoja Mkongo tuna kawaida: kabla ya kuanza, mmoja wetu anasema kwa Kiingereza kwamba tutaongea Kiswahili dakika kumi, na anayetaka kuingia aingie wakati wowote. Tukisikia alama ya mtu, tunahamia Kiingereza papo hapo, tunamkaribisha, tunamweleza tulichokuwa tunazungumza. Mara nyingi ameingia ili kuuliza tu ni lugha gani nzuri namna hii. Bwana mmoja sasa hutusalimia "habari za asubuhi" kila Jumamosi, na tukichelewa kuitika anatuuliza kulikoni.

Zijue pia alama za wito za kwetu zinavyoanza: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo, A4 Oman. Ripita nyingi siku hizi zimeunganishwa na intaneti kwa mifumo kama EchoLink, na mtu wa mbali anaweza kutokea ghafla kwenye mnara wa mtaani kwako. Kwenye ripita zilizounganishwa refusha mwanya uwe sekunde tatu au nne, kwa sababu sauti inachelewa njiani, na kumbuka kwamba ukibonyeza huwashi mnara mmoja. Huenda unawasha kumi.

Hatua ya 7: Cha kusema na cha kuacha

Biashara hairuhusiwi. Huwezi kuratibu teksi zako au kutangaza duka lako. Redio yako unayotaka kuiuza unaweza kuitaja, ila usigeuze ripita kuwa mnada wa kila siku. Muziki hapana, matusi hapana, maneno ya mafumbo ya kuficha maana hapana.

Siasa na dini sheria haizikatazi. Mimi naziacha, na nakushauri uziache kwenye ripita. Yule mwenye redio garini hawezi kuondoka barazani kama anavyoondoka mtu kijiweni. Njia yake ya pekee ni kuizima, na akiizima hatasikia mwito wa yule mwanamke wa mtaroni. Nimeona ripita iliyokuwa na watu ishirini ikabaki na wawili wanaokubaliana.

Kumbuka pia kwamba kila neno linasikiwa na yeyote mwenye redio, awe na leseni au hana. Usiseme nyumba itakuwa tupu wiki nzima. Usitaje ugonjwa wa mtu bila ruhusa yake.

Hatua ya 8: Neti

Neti ina msimamizi, na yeye ndiye anayegawa zamu za kusema. Jiandikishe anapoita, kwa alama, jina na mji. Ukitaka kuondoka mapema mwambie. Neti ya hali ya hewa ni jambo zito zaidi: huku kwetu kimbunga kikikaribia, wachunguzi wa kujitolea wa mpango uitwao Skywarn hupeleka taarifa kwa ajili ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa. Wakati huo unabonyeza ukiwa na jambo uliloliona kwa macho yako na wameliomba. "Kwangu kuna mvua kidogo" si taarifa.

Hatua ya 9: Hameni mkiweza

Mkiwa karibu, jaribuni kuzungumza bila mashine. Redio nyingi zina kitufe cha kugeuza masafa: kibonyeze mwenzako akiwa anaongea, na ukimsikia moja kwa moja kwenye masafa ya kuingilia, hamna haja ya mnara. Hamieni masafa ya moja kwa moja. Masafa ya kuitana ni 146.520 Marekani na 145.500 Kanda ya 1. Mkikutana hapo, sogeeni pembeni mkaendelee.

Hatua ya 10: Msumbufu, na mgeni aliyekosea

Hawa wawili wasichanganywe, na wanaochanganya ndio wanaoharibu ripita.

Msumbufu anabonyeza juu ya watu kwa makusudi, anapiga muziki, anatukana. Chakula chake ni majibu yako. Usimtaje, usimtishie, usiseme hata kwamba kuna usumbufu. Endelea kana kwamba hayupo, au aga uondoke. Andika saa na ulichosikia, umpelekee mlezi wa ripita. Wapo watu wenye antena za kuelekeza wanaojua kumtafuta mtu hatua kwa hatua, na kuingilia mawasiliano ya wengine kwa makusudi ni kosa la kisheria. Hiyo kazi si yako hewani.

Mgeni aliyekosea ni mwingine kabisa. Kasahau alama, kaweka toni vibaya, kasema kwa lugha ya madereva wa malori, redio yake ya bei rahisi inatoa sauti ya kukwaruza. Mkaribishe kwanza. Muulize jina, yuko wapi, amepata lini leseni. Kosa lake mwambie baadaye, kwa simu au ana kwa ana. Nimewahi kumsikia mtu, kwenye ripita nisiyoitaja, akimwambia kijana mbele ya wote kwamba redio aliyonunua ni takataka na aende akasome kwanza. Kijana aliomba radhi, na sijaisikia tena alama yake. Angalau walezi wa mashine ile walimpigia simu yule aliyemkaripia usiku uleule. Mimi nilisikia yote na sikusema kitu, na hilo linaniuma mpaka leo. Ukisikia hivyo, wewe ingia kwenye mwanya, mwite kijana kwa alama yake, mwambie, "Nakusikia vizuri, karibu sana."

Hatua ya 11: Aga, na uchangie

Taja alama ya mwenzako, taja yako, sema 73, salamu ya heri iliyobaki tangu enzi za telegrafu, na useme kwamba umeiacha ripita wazi ili wengine wajue nafasi ipo. Usiongeze maneno baada ya kuaga. Kuagana mara tano ni kwetu mlangoni, na hapo tuendelee nako.

Ukiitumia ripita kila wiki, jiunge na klabu yake au mpelekee mlezi mchango. Ukisikia mvumo usio wa kawaida, au sauti imeanza kufifia baada ya radi, mwandikie: tarehe, saa, ulikuwa wapi, ulisikia nini. Na wakitangaza siku ya kupanda mnarani, nenda hata kama hujui kuunga waya. Mara yangu ya kwanza nilibeba makopo mawili ya kuchujia kutoka garini hadi kibandani, mazito kama ndoo za maji. Aliyenipokea mlangoni alikuwa mzee yule wa siku ya maegesho. Niliijua sauti yake kabla hajamaliza kunisalimia.